Nafika nyumbani saa 2 usiku na watoto wana njaa: mnapikaje cha wiki nzima bila kula kiporo kila siku?

MamaWatatu, Kimara

Habari za jioni wapendwa. Naomba msaada wenu, hasa mama zangu na dada zangu mnaotoka alfajiri na kurudi usiku.

Nauza vitambaa kwenye duka la watu Kariakoo. Natoka nyumbani saa 11 na nusu alfajiri ili niwahi mwendokasi kabla kituo hakijafurika. Tunafunga duka saa 12 jioni, mpaka nifike Kimara ni saa 2, na siku za mvua ni saa 3. Watoto ni watatu: mkubwa yupo darasa la 5, wa kati darasa la 2, mdogo ana miaka 3. Baba yao ni dereva wa lori, akienda Tunduma tunamwona baada ya wiki mbili. Tunakaa na mama mkwe, ndiye anayebaki na mdogo mchana, ila magoti yanamsumbua. Hawezi kusimama jikoni, na mimi mwenyewe sitaki ashike sufuria ya moto.

Mpaka Februari tulikuwa na dada wa kazi. Ameolewa, namwombea heri, ila tangu aondoke mambo ya jikoni yamenilemea. Nikifika saa 2 ndiyo nianze kuchambua maharage? Wiki iliyopita nimenunua chipsi siku nne. Mdogo sasa akisikia geti linagonga haulizi mama, anauliza chipsi.

Nilijaribu kupika cha wiki nzima Jumapili. Nilipika wali sufuria kubwa, maharage ya nazi na mchicha, nikajaza friji. Jumatatu tulikula vizuri. Jumanne mchicha ulikuwa mweusi. Jumatano nilipofunua maharage yalikuwa yanatoa povu, nikamwaga yote, kilo moja na nusu ya maharage na nazi tatu. Usiku ule ule wa kati alitapika. Sijui kama ni wali au ni kitu alichokula shuleni, lakini nilikaa naye mpaka alfajiri nimemshikia beseni, na tangu siku hiyo naogopa kila kitu kilicholala. Mama mkwe hakunisema. Alikula vijiko viwili, akasema ameshiba.

Vyombo nilivyonavyo: friji ya milango miwili, juu kuna friza ndogo. Jiko la gesi la pleti mbili, mtungi wa kilo 15. Blenda ninayo, sufuria ya presha sina. Jumapili nikitoka kanisani napata kama masaa manne ya kupika. Wenzangu mnafanyaje? Niambieni kwa vipimo na siku, kwa sababu nikiambiwa "panga ratiba" tu siwezi kujua naanzia wapi.

---

Nesi wa Zamu, Dodoma

Pole sana dada, na pole kwa mtoto. Nianze na wali kwa sababu ndio umenishtua.

Mchele una vijidudu ambavyo mbegu zake hazifi hata maji yakichemka. Wali ukiachwa kwenye sufuria mezani, zile mbegu zinaamka, vijidudu vinazaana na kutoa sumu. Sumu hiyo ukipasha moto haiondoki. Ndiyo maana mtu anasema "nilipasha mpaka ukatoa moshi" na bado anatapika masaa machache baadaye. Siwezi kusema ndicho kilichompata mwanao, ila niulize: ule wali Jumapili ulikaa nje muda gani kabla ya kuingia friji?

Shirika la Afya Duniani linasema chakula kilichopikwa kisikae kwenye joto la kawaida zaidi ya masaa 2, na friji iwe chini ya nyuzi 5. Sasa fikiria sufuria kubwa ya wali au maharage Dar es Salaam. Ukiiacha ipoe yenyewe, masaa manne baadaye katikati bado kuna vuguvugu. Ukiiingiza friji ikiwa hivyo, inapasha moto na vilivyo jirani. Tatizo lako la kwanza, kwa macho yangu, ni sufuria kuwa kubwa. Kitu kilekile ukikitandaza kwenye sinia kwa unene wa vidole viwili, sinia ukaliweka juu ya beseni la maji baridi, nusu saa kimepoa.

Na maharage ya nazi usiyalaze kabisa. Tui ndilo linaloanza kuchacha.

---

Mama Daftari, Tabata

Mdogo wangu, pole na hongera, maana wengi wakimwaga sufuria mara moja hawarudii tena. Mimi nilianza utaratibu huu 2018, nilipopangiwa kazi ya kutoka saa 11 alfajiri, na watoto wangu walikuwa wadogo kama wako. Nakuandikia kwa urefu, vumilia.

Kupika Jumapili ni sawa kabisa. Ulipokosea ni kupika mpaka mwisho. Angalia chakula chetu: kila kimoja kina kazi ndefu na kazi fupi. Kazi ndefu ya maharage ni kuchambua, kuloweka na kuchemsha, masaa mawili gesi inateketea. Kazi fupi ni kuyaunga, robo saa. Kisamvu kazi ndefu ni kutwanga na kuchemsha, kazi fupi ni kutia karanga au tui. Nyama ya ng'ombe kazi ndefu ni kuichemsha ilainike. Ugali wote ni kazi fupi. Wali wa watu watano ni nusu saa, hauna sababu ya kulala friji.

Basi Jumapili mimi nafanya kazi ndefu peke yake. Jioni ya siku yenyewe naunga. Mtu akikaanga kitunguu kibichi saa 2 usiku, nyumba nzima inasikia harufu na kujua kwamba leo kumepikwa. Mama mkwe wako hajakataa chakula chako. Amekataa chakula kisicho na harufu ya leo. Ninavyoona mimi, hiyo ndiyo tofauti ya kiporo na chakula.

Maharage. Jumamosi usiku loweka kilo 2, maji mara tatu ya maharage. Kwa joto letu yasizidi masaa 10 nje, yataanza kutoa povu. Kuanzia Desemba mpaka Machi mimi naloweka ndani ya friji. Asubuhi mwaga yale maji, suuza, tia mapya. Yakiwa ya rangi nyekundu hakikisha yamechemka kwa nguvu dakika 10 mwanzoni kabla hujapunguza moto, maharage mekundu yasiyoiva yanaumiza tumbo vibaya. Usitie nyanya wala ndimu kabla hayajalainika, uchachu unayakaza. Magadi mimi nimeacha. Yanaivisha haraka ila yanaharibu vitamini B1.

Sasa hapa pa kuzima moto ndipo wengi wanapokosea. Toa harage moja, liache lipoe kidogo, libonyeze kwa kidole gumba na cha shahada. Ukikuta unga mkavu katikati, bado. Likipondeka laini lakini ganda limeshikilia, zima hapo hapo. Usingoje mpaka yavurugike, kwa sababu siku ya kuunga yatachemka tena. Tandaza kwenye sinia kama alivyosema nesi, kisha gawa kwenye vikopo pamoja na maji yake kidogo. Kilo 2 kavu zinatoa kama kilo 4 na nusu zilizoiva. Kwa watu watano napata milo sita, saba kama kuna mboga nyingine pembeni. Vikopo viwili vya Jumatatu na Jumanne vinakaa friji, vingine vyote friza.

Rojo. Hili ndilo lililonipa pumzi kuliko kitu chochote. Nanunua sado mbili (zile ndoo ndogo za kupimia) za nyanya zilizoiva sana, zile ambazo muuzaji anataka ziondoke leo, bei inakuwa nzuri. Vitunguu maji kilo 1 na nusu, hoho tano, karoti sita, kitunguu swaumu vichwa vitatu na tangawizi kipande kama kiganja. Nyanya nasaga kwenye blenda bila maji. Vitunguu nakaanga kwa mafuta ya kutosha mpaka viwe rangi ya chai ya maziwa, natia swaumu na tangawizi, halafu karoti na hoho, halafu nyanya. Chumvi kidogo tu. Unaacha wazi, moto wa kati, unakoroga kila mara, kama saa nzima. Mwanzoni inaruka na kuchafua ukuta wote. Baadaye inatulia, inakuwa nzito, mwiko ukipita chini unaacha njia na mafuta yanapanda pembeni. Hapo maji yamekwisha, zima. Ikipoa, gawa kikombe kimoja kimoja kwenye vifuko, toa hewa, laza kwenye sinia vigande vikiwa bapa kama daftari. Vikiganda unavisimamisha, vinakaa kumi mahali pa sufuria moja, na kifuko bapa kinayeyuka ndani ya dakika tano ukikivunjia kwenye karai.

Kikombe hicho kimoja ndicho maharage ya Jumatatu, ndicho mchuzi wa nyama wa Jumatano, ndicho dagaa wa Alhamisi, ndicho makaroni ya Ijumaa ambayo watoto wanayapenda kuliko vyote.

Nyama. Nachemsha kilo 2 kwa tangawizi, swaumu, ndimu na chumvi mpaka ilainike, nagandisha na supu yake. Ile supu ndiyo inayozuia nyama isikauke. Jioni ya kabla ya kuitumia, nahamisha kikopo kutoka friza kwenda chini kwenye friji. Usiiyeyushe mezani tangu asubuhi mpaka usiku.

Mchicha uliopikwa usiulaze. Uchambue Jumapili, usiuoshe, ufunge kwenye kitambaa kikavu uweke friji, siku tatu unakuwa mzima. Siku ya kula unaosha, unakatakata, dakika saba mezani. Ukifika Alhamisi, uko kwenye kabeji na karoti, hizo hazina haraka.

Halafu daftari. Langu limefungwa kamba kwenye mpini wa friji, na kila kikopo kina kipande cha plasta na tarehe. Kilichopo friji mwisho siku tatu. Bila kuandika, baada ya wiki mbili utakuwa unafungua kikopo na kukinusa.

---

MamaWatatu, Kimara

Dada yangu, nimesoma mara mbili, na nimemsomea mama mkwe kwa sauti. Alipofika kwenye harufu ya kitunguu alicheka, akasema "huyo anatujua."

Naomba nikuulize mawili. Nyumba hii tunapenda nazi kupita kiasi. Kama tui halilali, nikune nazi saa 2 usiku? Na la pili, friza yangu ni ndogo kweli, nikiweka kuku mmoja nusu imejaa.

---

Mama Daftari, Tabata

Tui ukilitia kwenye mboga halilali, lakini peke yake linaganda vizuri. Jumapili ukune nazi nne, kamua tui zito la kwanza kwa maji machache ya moto, gawa kwenye vikopo vidogo, gandisha siku hiyo hiyo. Ukiliyeyusha litakuwa limejitenga, mafuta juu, maji chini. Usiogope, likoroge na ulitie mwisho kwenye moto mdogo ukiwa unakoroga, litarudi. Tui jepesi la pili tumia kupikia wali wa Jumapili yenyewe.

Friza ndogo: ondoa kuku mzima. Mkatekate vipande, chemsha, toa mifupa mikubwa, hapo anakaa kwenye kikopo kimoja. Na rojo iwe bapa, nakuomba, usiweke kwenye makopo ya duara. Duara linakula nafasi.

Huyo wa darasa la 5 mpe kazi. Saa 1 jioni anaweza kuosha mchele na kukutolea kifuko cha rojo. Moto asiwashe mpaka ufike.

---

Baba Mlezi, Nakuru

Salamu kutoka Kenya. Mimi ni mwalimu, nalea wavulana watatu peke yangu tangu 2019, kwa hivyo haya mambo ya jikoni nimejifunza kwa lazima.

Kwetu chakula cha kuchemsha mara moja kwa wiki kinajulikana, ni githeri. Ijumaa usiku naloweka gorogoro moja (kopo letu la kupimia nafaka) ya mahindi makavu na nusu gorogoro ya maharagwe. Jumamosi vinachemka pamoja kwa presha kama dakika 50, vinapoa, vinaingia kwenye friza kwa mafungu. Kuanzia hapo githeri ni kukaanga tu: kitunguu, nyanya, dania (giligilani), dakika 20 imekuwa tayari. Siku moja naweka kabeji, siku nyingine sukuma wiki, siku nyingine karoti na nyama kidogo, na vijana hawalalamiki kwamba wanakula kitu kimoja.

Jambo moja lililonigharimu: viazi. Niliwahi kupika githeri na viazi ndani nikagandisha yote. Vilipoyeyuka vilikuwa kama sponji iliyojaa maji, wakubwa wawili walivitoa vyote wakaviweka kando ya sahani. Viazi weka siku ya kukaanga, katakata vidogo, vitaiva.

Dada, presha ukiweza inunue hata kwa kuweka pesa kidogo kidogo. Maharagwe yaliyolowekwa yananichukua dakika 20 hivi tangu ianze kupiga mluzi. Gesi niliyokuwa nanunua mara mbili kwa miezi mitatu sasa nanunua mara moja.

Kuhusu stima kupotea, hakuna aliyegusia. Usifungue mlango. Friza iliyojaa na isiyofunguliwa inashika baridi hadi siku mbili hivi, iliyo nusu siku moja, na hiyo yako ndogo ya juu ya friji usiipe hata nusu ya muda huo. Mahali palipo wazi jaza chupa za maji zigande, zinasaidia kushikilia. Kitu kikiwa bado kina barafu ndani unaweza kukiacha kigande tena. Kikiwa kimelegea na vuguvugu, usikionje ili ujue kama kimeharibika.

---

Bi Mkubwa, Unguja

Mwanangu, nakupa pole. Na huyo mama mkwe wako mpe salamu zangu, magoti nami yananisumbua.

Sisi huku habari ya kupika kabla tumeizoea kwa ajili ya Ramadhani. Mwezi wa Shaabani hatulali. Mimi na binti zangu tunakaa chini kwenye mkeka, mmoja anakata manda (zile karatasi za unga za kufungia sambusa), mmoja anatia nyama, mmoja anafunga kwa ujiuji wa unga, tunapiga sambusa mia mbili na katlesi. Sambusa mbichi zinapangwa kwenye sinia zisigusane, zikishaganda ndipo zinaingia mfukoni, hazishikani. Siku ya kufuturu unazitoa friza moja kwa moja kwenye mafuta ya moto wa wastani, usingoje ziyeyuke, manda italowa. Sambusa sita na uji zinatosha kumtuliza mtoto anayekungoja mlangoni huku wewe unasonga ugali.

Lakini mwanangu usiweke roho yako yote kwenye friza. Desemba 2009 umeme ulikatika Unguja mpaka Machi 2010, miezi mitatu. Friza langu lilikuwa limejaa pweza na sambusa. Siku ya pili niligawia mtaa mzima, watoto wa jirani wakila wakifurahi, na mimi nalia ndani. Tangu hapo nimerejea mambo ya mama yangu, nikaona khasa yana akili.

Vitunguu. Kata vyembamba sawasawa, vianike kidogo juani vipoteze maji, vikaange mpaka viwe dhahabu, vitoe kabla havijawa vyeusi kwa kuwa vinaendelea kuiva nje ya mafuta. Vikipoa vinakuwa vikavu, vinavunjika kwa vidole. Kwenye mkebe mkavu vinakaa wiki kadhaa bila umeme. Ukitaka pilau au mchuzi, unavisaga kwa kiganja unatia. Na wewe na haraka zako za saa 2, kitunguu kimeshakaangwa.

Kitoweo: weka ng'onda (samaki aliyekaushwa) nyumbani, au papa mkavu, au dagaa. Dagaa utoe vichwa siku ya mapumziko, uwaoshe kwa maji moto, uwaanike tena, uwakaange wakauke, uwatie kwenye chupa. Ng'onda unamroweka nusu saa, unamchambua miba, unamtia kwenye tui na embe mbichi. Huyo hajui umeme ni nini.

---

Chumba na Sebule, Iringa

Mimi sina friji kabisa, nasoma hapa nikitamani. Nina kapu.

Kapu kubwa la ukindu, ndani nimeshonea vipande vya blanketi kuukuu na kitenge, juu kuna mto wa pamba unaoziba vizuri. Asubuhi naamka saa 11, maharage niliyoloweka usiku nayachemsha dakika 20 moto mkali, sufuria imefunikwa vizuri na imejaa zaidi ya nusu, maana sufuria tupu inapoa. Naifunga kwenye kapu na kuondoka. Saa 8 mchana mdogo wangu akirudi anayakuta yameiva na sufuria bado ni ya moto huwezi kuishika bila kitambaa. Anachemsha tena mpaka yatoe mapovu, anaunga, anakula. Gesi ya maharage imekuwa dakika 20 badala ya masaa mawili.

Sharti lake ni kwamba ukifungua kuchungulia, joto limekwenda. Na chakula kisikae humo mpaka usiku wa manane. Ukikitoa kichemshe ukile siku hiyo hiyo.

---

MamaWatatu, Kimara

Wapendwa, leo ni Jumapili ya tatu. Nimerudi kueleza, kwa sababu hamkunibania kitu.

Wiki ya kwanza nilifanya maharage na rojo tu, sikutaka kubeba mengi. Rojo iliruka mpaka kwenye dari kweli. Nilipata vifuko tisa. Jumatatu nilifika saa 2 na dakika 10, mkubwa alikuwa ameosha mchele. Saa 3 kasoro tano tulikuwa tunakula wali na maharage ya rojo. Mama mkwe alimaliza sahani, akaomba maharage tena kidogo ya kulowanishia ukoko.

Wiki ya pili niliongeza nyama na tui. Tui lilijitenga kama dada wa Tabata alivyosema, na lilirudi kama alivyosema. Umeme ulikatika Jumatano kama masaa tisa. Niliwaambia watoto atakayefungua friji tutakorofishana. Uliporudi, rojo zilikuwa ngumu bado, kikopo cha nyama kimelegea pembeni lakini katikati barafu tupu, nikakipika usiku ule ule nisiwe na wasiwasi.

Kisamvu ndicho nilichotaka kuwasimulia. Nilinunua kilichotwangwa sokoni, nikakichemsha nimefunika ili kiwahi. Mama mkwe akaita kutoka sebuleni, "Fungua hiyo sufuria, kisamvu hakifunikwi." Harufu ndiyo iliyomfikia. Akaja taratibu ameshika ukuta, akakaa kwenye kigoda mlangoni mwa jikoni, akanieleza kwamba kwao majani ya muhogo yanachemka wazi muda mrefu ili ile sumu yake itoke na mvuke, na maji yakipungua unaongeza ya moto, si ya baridi. Karanga zinatiwa siku ya kula. Nikagandisha vikopo vitatu bila karanga. Alhamisi nilikipika na karanga za kusaga na kikombe kimoja cha rojo, mdogo akala kwa ugali mpaka akalala mezani.

Tangu siku hiyo kigoda hakijatoka pale. Jumamosi jioni namwekea ungo mapajani, anachambua maharage na mkubwa ameketi chini anamsaidia, na mimi naandika daftari. Alikuwa anataka kazi ya kukaa. Sikuwahi kumuuliza.

Kapu la Iringa bado sijalishona ila kitenge kikuukuu nimeshakitenga. Presha naiwekea pesa kwenye kibubu. Sambusa za Bi Mkubwa, shikamoo mama yangu, nimefunga 40, manda nimenunua, zangu hazijanyooka lakini zimekaangika bila kufunguka.

Chipsi wiki hii tumenunua mara moja, Ijumaa, baba yao alipofika.

Kilichobaki ni asubuhi. Nikitoka saa 11 na nusu watoto wanabaki na chai na mkate mtupu, na wa kati anasema saa 4 shuleni anasikia njaa. Kuna mtu aliwahi kuniambia chapati ukizichoma nusu na kuzitenganisha kwa karatasi zinalala friza vizuri. Anayefanya hivyo aniambie: unga anakanda kwa maji ya moto au ya kawaida, na asubuhi anazichoma zikiwa bado barafu au anazitoa usiku?